Lenzi ya jicho haikisiwi

Kila kambi ya macho inapofungwa katika mkoa huu wa Songwe, iwe Vwawa, Tunduma, Itumba au Mkwajuni, taarifa inayosomwa ni ile ile: macho kadhaa yamepasuliwa, wazee kadhaa wanarudi nyumbani wakiona. Bandeji inafunguliwa, bibi anamtambua mjukuu wake, waliohudhuria wanapiga makofi. Ni haki yao, kwa sababu mtu aliyetoka gizani ni wa kushangiliwa. Kisha magari ya wataalamu yanashika barabara kuu kurudi yalikotoka. Kipimo chenye uzito kuliko vyote, kile cha wiki ya sita baada ya kidonda kupona, hakina kamera, hakina mgeni rasmi, na mara nyingi hakina hata mpimaji.

Kambi hizo zimewaokoa wengi na gazeti hili linazishukuru. Hesabu yake ndiyo inayotutia hofu. Mtoto wa jicho hutolewa mara moja, na lenzi bandia inayochukua nafasi yake huwekwa mara moja. Baada ya miezi michache, ule mfuko mwembamba unaoibeba lenzi hujikaza na kuishika. Kuitoa ili kuweka nyingine ni upasuaji mpya wenye hatari kubwa kuliko ule wa kwanza. Lenzi inayowekwa leo katika jicho la mzee wa Mpemba au Chapwa ndiyo atakayozikwa nayo. Ikiwa iliwekwa bila kupima, au ikiwa ilipimwa nguvu yake na umbo la jicho likasahauliwa, kosa hilo nalo atazikwa nalo.

Umbo la jicho ndilo jambo linalopuuzwa. Mbele ya lenzi ipo konea, kile kioo angavu tunachokiona kiking'aa mtu anapotugeukia. Konea iliyo nzuri ina mviringo unaolingana pande zote, kama mpira. Nyingi haziko hivyo. Mkulima wa Mbozi atatuelewa upesi akishika punje ya kahawa kiganjani na kuutazama mgongo wake: kwa urefu umelala, kwa upana umepinda. Jicho lenye mgongo wa namna hiyo haliwezi kuukusanya mwanga mahali pamoja. Taa ya lori hurefuka ikawa mstari, 3 hufanana na 8, herufi huvaa kivuli. Wataalamu wanaiita hali hiyo astigmatizimu, na ukubwa wake hupimwa kwa dayopta.

Si tatizo la wachache. Uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2010, uliohusisha macho zaidi ya 23,000 ya watu waliokuwa wakisubiri kutolewa mtoto wa jicho, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya macho hayo yana astigmatizimu ya konea inayozidi dayopta 1. Katika macho 8 hivi kati ya kila 100 ilizidi dayopta 2. Hatuoni sababu ya kuamini kwamba wazee wa Ileje na Momba wamesamehewa. Tofauti ni kwamba mzee wa huku hufika kwa daktari akiwa haoni hata vidole mbele ya uso, ukungu umeziba kila kitu, na hakuna anayewaza juu ya konea. Ukungu ukiondoka, kasoro uliyokuwa umeifunika inabaki palepale.

Upasuaji wenyewe unaweza kuizidisha. Njia inayotumika zaidi katika kambi za ukanda wetu ni ile ya tundu dogo lisiloshonwa: daktari hukata weupe wa jicho kwa milimita 6 hivi, akautoa mtoto wa jicho na kuingiza lenzi. Ni njia njema, ya haraka na ya gharama ndogo, na ni miongoni mwa zile zilizoiwezesha hospitali ya Aravind, iliyoanzishwa Madurai, India, mwaka 1976, kuwapasua watu kwa mamilioni. Lakini kila mkato huilegeza konea upande uliokatwa. Mkato wa juu, uliozoeleka kwa kuwa daktari hukaa kichwani pa mgonjwa, huulaza mpindo wa wima. Uzee nao, bila kisu cha mtu, mara nyingi huwa umekwisha kuulaza mpindo huo huo. Daktari na umri wanasukuma upande mmoja, na mgonjwa ndiye anayebaki na jumla.

Utafiti mwingine, huu wa India wa mwaka 2005, ulilinganisha mahali pa kukata. Mkato wa juu ulisababisha astigmatizimu ya wastani wa dayopta 1.28; mkato wa pembeni, upande wa sikio, 0.37, na ule wa kati ya hizo mbili, 0.20. Kisu ni kile kile, lenzi ni ile ile, na gharama haikubadilika hata kwa shilingi moja. Kilichobadilika ni mahali. Nacho ndicho kinachotukera zaidi katika suala hili lote, kwamba sehemu kubwa ya madhara ingeweza kuepukwa bure na daktari aliyejua konea ya mgonjwa wake imelalia wapi. Hawezi kujua bila kupima.

Historia ya lenzi hizi inaanza na mtu aliyelazimika kukisia. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, daktari Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho la mwanadamu. Alikuwa amewaona marubani wa vita wakiishi na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, na macho hayo hayakuchachamaa. Akanakili umbo la lenzi ya asili. Plastiki, hata hivyo, huupinda mwanga kuliko lenzi tuliyozaliwa nayo, na mgonjwa wake alitoka na kosa la zaidi ya dayopta 10, na juu yake astigmatizimu kubwa. Ridley anasameheka. Alikuwa wa kwanza, na duniani hapakuwa na mtu wa kumwazima kipimo. Miaka zaidi ya 75 imepita, na vipimo vinauzwa.

Vinavyohitajika ni viwili. Kimoja hupima urefu wa jicho kwa mawimbi ya sauti. Kingine, keratometa, husoma mpindo wa konea na kuonyesha upande uliopinda zaidi. Urefu ukikosewa kwa milimita 1 tu, nguvu ya lenzi hupotoka kwa dayopta 2.5 hadi 3. Mahali ambapo vifaa hivi havipo, au vipo lakini vimeharibika, au vipo lakini mtumishi aliyefundishwa kuvitumia amehamishiwa wilaya nyingine, daktari huchukua lenzi ya nguvu ya wastani, dayopta 21 hivi, akamwekea kila anayelala mezani. Kwa aliyekuwa haoni kabisa, hata hiyo ni neema. Hatutamlaumu daktari anayeamua hivyo akiwa na foleni ya vipofu mlangoni. Tunaulaumu mpango unaomfikisha hapo kila mwaka.

Dunia imekwisha kuondoka kwenye hesabu ya vichwa. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, ulikubaliana kwamba ifikapo 2030 kiwango cha wenye mtoto wa jicho wanaopata upasuaji wenye matokeo mazuri kiongezeke kwa pointi 30 za asilimia. Neno zito hapo ni matokeo. Aliyepasuliwa anaingia katika hesabu hiyo iwapo tu jicho lake, pamoja na miwani yake kama anayo, linafikia 6/12, yaani kwa umbali wa mita 6 linasoma kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12. Astigmatizimu ya dayopta 2 isiyorekebishwa mara nyingi inatosha kumtoa mtu nje ya hesabu hiyo, hata kama kisu kilipita bila doa. Kwa kipimo hicho, jicho lake bado linasubiri huduma. Kwa taarifa ya kambi, limeshapona.

Miaka iliyobaki kufika 2030 inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na uliokuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya 2022, bado ni mchanga na bado unajenga. Hilo tunalielewa. Lakini mkoa mchanga una nafasi ambayo mikoa mikongwe haina: unaweza kuanza na desturi sahihi kabla ile mbaya haijaota mizizi. Nafasi hiyo haitadumu. Kila kambi inayofanyika bila vipimo inaifanya desturi ya kukisia ionekane kuwa ndiyo kawaida ya kazi, na mtaalamu kijana anayeanza kazi leo akiikuta hivyo ataiendeleza kwa miaka 30.

Uzito wa jambo hili unaonekana wazi zaidi Tunduma, mji unaokula kwa macho yake. Mbadilisha fedha anatofautisha noti za kwacha na za shilingi kwa kuzitupia jicho mara moja, na akikosea hasara ni yake. Wakala wa forodha husoma namba ya lakiri kwenye kontena na kuilinganisha na karatasi. Mama wa duka husoma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye bidhaa iliyovuka kutoka Nakonde. Fundi cherehani hutunga uzi. Huko Mbozi mwenye shamba huchagua matunda mekundu ya kahawa na kuacha mabichi, na tofauti ya rangi hiyo ndiyo tofauti ya daraja na bei. Hawa si wazee wa kukaa barazani wakiota jua. Ni watu wa miaka 50 na 60 ambao familia inawategemea, na wanapokubali kupasuliwa wanakubali ili warudi kazini.

Halafu kuna madereva. Barabara ya kutoka Dar es Salaam inafikia mpaka hapa baada ya zaidi ya kilomita 900, na malori yanayovuka katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019 yanaendelea hadi Zambia na Kongo. Usiku, katika mteremko kama wa Senjele, dereva anaishi kwa kusoma taa. Hatusemi kwamba ajali za barabara hii zimeletwa na mtoto wa jicho. Tunasema dereva wa miaka 58 aliyepasuliwa, akashangiliwa na kurejea kwenye usukani huku taa za lori linalomjia zikimrefukia kama mikuki, ni hatari isiyoandikwa kwenye leseni yoyote.

Watasema atavaa miwani. Anayesema hivyo apite sokoni Tunduma akaione inayouzwa. Miwani ya kusomea inayotembezwa mkononi ina nguvu moja, sawa kulia na kushoto, na haina marekebisho ya astigmatizimu hata chembe. Miwani ya astigmatizimu lazima ikatwe kwa vipimo vya mtu mmoja, na kwa wengi wa huku safari hiyo huishia Mbeya, kilomita 100 hivi kutoka mpakani. Hesabu nauli ya mzee na ya kijana anayemshika mkono. Weka chakula. Weka bei ya miwani yenyewe, kisha nauli ya pili ya kwenda kuichukua ikiwa tayari. Ikianguka shambani ikavunjika, hesabu inaanza upya, na kwa kawaida haianzi: mzee anakaa kimya, anajizoeza kuona nusu, na watoto wake wanadhani ndivyo upasuaji ulivyo.

Kimya hicho kina gharama ambayo haiingii kwenye bajeti. Kijijini habari ya upasuaji haienezwi na redio. Inaenezwa na aliyepasuliwa. Mzee akirudi Kamsamba na kuwaambia wenzake kwamba ukungu umeondoka lakini njia bado inaonekana mbili mbili, majirani watatu waliokuwa wakijiandaa wataahirisha. Watasubiri hadi mtoto wa jicho awe mgumu, wakati ambapo kumtoa ni kazi zaidi na matokeo ni ya mashaka zaidi. Mwaka 2020 pekee, kwa makadirio ya watafiti wa kimataifa, watu milioni 15 hivi wa umri wa miaka 50 na zaidi duniani walikuwa vipofu kwa sababu ya ugonjwa huu unaotibika kwa nusu saa. Wengi wao hawakukosa daktari tu. Walikosa jirani wa kuwapa moyo.

Marekebisho yanayokaa ndani ya jicho lenyewe yapo. Daktari Kimiya Shimizu na wenzake nchini Japani walianza kuweka lenzi za toriki mwaka 1992, na Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 1998. Lenzi ya toriki ina mpindo wake usiolingana, uliokusudiwa kuufuta ule wa konea. Ikikaa kwenye mhimili wake, mgonjwa mara nyingi huona mbali bila miwani, ingawa ya kusomea ataihitaji bado. Ikizunguka, faida inayeyuka: kila digrii 1 ya kupotoka huondoa asilimia 3.3 hivi ya kazi yake, na ikifika digrii 30 ni kama haikuwekwa. Ikipita hapo inaharibu. Ndiyo maana jicho hutiwa alama ya wino mgonjwa akiwa ameketi wima, kwa sababu jicho huzunguka kidogo mtu anapolala chali. Kalamu, wino na dakika mbili: hiyo ndiyo sehemu ya teknolojia hii inayoogopwa.

Hatutaki kuuza ndoto. Lenzi hiyo haimfai mwenye makovu ya konea, yakiwemo yale ya trakoma. Haimfai ambaye mfuko wa lenzi umechanika wakati wa upasuaji. Na aliyekwisha kuharibiwa na presha ya macho hatarudishiwa na lenzi yoyote kile alichopoteza. Inahitaji mkono uliofundishwa kufungua mfuko wa lenzi kwa duara safi, la sivyo itacheza. Kuileta Songwe kesho asubuhi bila vipimo na bila mafunzo kungekuwa kukisia kule kule, kwa bei kubwa zaidi. Ndiyo maana gazeti hili linaanza na keratometa kabla ya lenzi. Aliyepima anaweza kuchagua: mkato mahali pazuri kwa wenye kasoro ndogo, miwani iliyokatwa kwa wenye ya wastani, lenzi ya toriki kwa wenye kubwa. Ambaye hakupima hana cha kuchagua.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasema kwamba vipofu bado ni wengi, fedha ni kidogo, na afadhali chongo kuliko upofu; mambo ya kunyoosha konea ni ya hospitali za matajiri. Jibu hili lina sura ya huruma na ndiyo maana linapokelewa bila kuhojiwa. Lakini ndilo lililotolewa pia kuhusu lenzi ya kawaida. Kuna wakati kambi za Afrika na Asia zilikuwa zikitoa mtoto wa jicho bila kuweka lenzi yoyote, na mgonjwa akapewa miwani minene kama kitako cha chupa, kwa maelezo kwamba lenzi ya kupandikiza ni anasa. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianzishwa Madurai na bei ikashuka kutoka dola 100 hivi hadi dola chache. Maelezo ya anasa yakatoweka yenyewe. Viwanda vya India sasa vinatengeneza pia za toriki. Bei yake ingali juu ya ile ya kawaida, na haitashuka kwa nchi isiyoagiza.

Isitoshe, hesabu ya ufukara inapigwa upande mmoja. Inataja bei ya kipimo, haitaji bei ya kutopima. Keratometa inanunuliwa mara moja na kutumika kwa miaka mingi, kwa maelfu ya macho. Jicho lililokosewa linalipiwa na familia moja kila mwaka, kwa miwani, kwa nauli, kwa siku za kazi za kijana anayemshika mzee mkono, kwa daraja la kahawa lililoshuka, hadi mzee huyo atakapofariki. Serikali haioni gharama hiyo kwa sababu haipiti kwenye vitabu vyake. Inapita kwenye mifuko ya watu wa Momba.

Hukumu ya gazeti hili, basi, ni kwamba kukisia lenzi kukome, na kukome katika mkoa huu kabla ya kambi ijayo.

Mganga Mkuu wa Mkoa na mratibu wa huduma za macho wanayo mamlaka ya kusema kambi ipi ifanyike na ipi isifanyike. Wayatumie. Taasisi yoyote, ya ndani au ya nje, ya dini au ya biashara, inayoomba kuja kupasua macho Songwe ionyeshe kwanza vifaa vyake vya kupima urefu wa jicho na mpindo wa konea, akiba ya lenzi za nguvu mbalimbali, na jina la hospitali itakayowapima wagonjwa upya kuanzia wiki ya sita. Mfadhili wa kweli hataudhika. Anayeudhika alikuja kwa ajili ya picha.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Vwawa ndiyo inayopaswa kuwa kituo cha vipimo hivyo mwaka mzima, ikiwa na watumishi wasiopungua wawili wanaovimudu, ili mmoja akihamishwa kazi isife. Halmashauri zichangie. Halmashauri ya Mji Tunduma, ambayo uhai wake ni biashara ya mpaka, haiwezi kudai kwamba imeshindwa na bei ya kifaa kimoja, na wapigakura wake wana haki ya kumuuliza diwani kwa nini. Konea yenye kasoro kubwa, ile inayozidi dayopta 2, ipelekwe kwa rufaa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na huko Wizara ya Afya ihakikishe lenzi za toriki zinapatikana kupitia Bohari ya Dawa, yenye ghala la kanda katika jiji hilo hilo, badala ya mgonjwa kuambiwa akatafute mwenyewe. Idadi ya wanaohitaji si kubwa. Inaweza kuagizwa kwa mpango.

Bima nayo isibaki nyuma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa na wananchi kwa mambo madogo kama haya. Kitita cha mtoto wa jicho kinachomlipa daktari kwa kukata na kumwacha mgonjwa ajilipie kipimo na miwani ni kitita pungufu. Kipimo cha kabla, lenzi inayolingana na jicho, kipimo cha baada na miwani iliyokatwa vihesabiwe kuwa tiba moja yenye bei moja, kwa sababu kwa mgonjwa ni kitu kimoja: kuona.

Na matokeo yabandikwe. Kila hospitali inayopasua macho katika mkoa iweke ukutani, mahali ndugu wa wagonjwa wanapokaa, idadi ya waliopasuliwa kwa miezi mitatu na idadi ya waliofikia 6/12. Takwimu hizo mbili tu. Zitawauma baadhi ya wakubwa mwanzoni, na maumivu hayo yatafanya kazi ambayo semina nyingi hazijaifanya.

Yapo mambo ambayo serikali haiwezi kumfanyia mtu. Wewe unayemleta baba au mama yako kwenye kambi ijayo, usikae nje ukingoja kuitwa. Kabla ganzi haijadungwa, muulize mhudumu: urefu wa jicho umepimwa? Konea imepimwa? Tutarudi lini kupimwa miwani? Majibu yakikosekana, omba barua ya rufaa ya kwenda kunakopimwa, na usione haya kuing'ang'ania.